Mgombea Aliyekula Vipande Vitatu

Benchi letu lilikuwa la kanisani. Walutheri wa upande wa kaskazini walipokwisha, wengine kwa kufa na wengine kwa kuhamia Arizona, kanisa lilifungwa na vitu vikauzwa, na Jerilyn mwenye kituo cha mafuta akanunua benchi moja akaliweka pale pembeni, barabara ya lami inapokutana na ile ya changarawe. Kiangazi linakaa nje. Januari tunaliburuta ndani, kati ya magunia ya chumvi ya kuyeyushia barafu na birika la kahawa, maana hapa Halden Grove, Iowa, ukikaa nje Januari utabaki nje mpaka Aprili. Tunaolikalia ni wale wale. Delbert Hruska tunamwita Jenerali; alikaa jeshini miaka miwili akimenya viazi huko Georgia, na tangu hapo hakuna vita asivyovijua. Merle Oltmann ni Balozi, kwa kuwa aliwahi kusuluhisha ugomvi wa ua wa ng'ombe kati ya ndugu wawili, na mpaka leo ndugu hao wamepatana katika jambo moja tu, la kutomsalimia Merle. Orrin Tjaden ni Kimya. Kwenye harusi yake mwenyewe alitikisa kichwa tu, mchungaji akamhurumia akaendelea. Mimi wananiita Siki, na sijawahi kuuliza kwa nini.

Jumatatu ile ilikuwa siku ya mkutano wa kata. Kwetu anayetaka urais anaanza na sisi, kwenye darasa la watoto, saa moja ya jioni, mbele ya watu walioacha viatu vya theluji mlangoni. Sanduku la kura hakuna. Kila mgombea ana kona yake, nawe unakwenda kusimama kwenye kona ya wako huku jirani yako anakutazama. Kabla ya hapo, mtu mmoja wa hapa hapa anamsemea kila mgombea kwa dakika mbili. Mgombea mwenyewe hayupo. Yuko kwenye televisheni anasema anatupenda.

Wa kumsemea Gavana Corwin Thayer jioni ile alikuwa Orrin. Ndiyo, Kimya. Aliomba mwenyewe.

Sababu yake tuliijua wote. Orrin amemlea mjukuu wake Tate tangu mama wa mtoto alipofariki. Tate yuko jeshi la akiba la jimbo, na kabla ya Krismasi kikosi chao kiliambiwa kijiandae, theluji ikiyeyuka wanakwenda ng'ambo, kwenye ile nchi ambayo kila mgombea analitamka jina lake kivyake. Sasa, mwezi wa nane, kwenye maonyesho ya kilimo, Thayer alipanda juu ya marobota ya nyasi kavu akasema yeye atakaa meza moja na adui, wazungumze, na watoto wetu warudi nyumbani. Orrin alitoka pale akaenda moja kwa moja kuandikisha jina kwenye kampeni yake. Mwezi wa kumi na moja, mji wa pili tu kutoka hapa, kwenye ukumbi wa wanajeshi wastaafu, Thayer huyo huyo akasema atawapiga watu wale mpaka wasahau meza ni kitu gani. Televisheni ikaonyesha yote mawili, moja baada ya jingine, kisha ikaleta tangazo la matrekta.

Basi asubuhi ile Orrin alikuwa ameketi mwisho wa benchi, beji ya Thayer kifuani, mikono kwenye magoti, kahawa yake imepoa. Akasema sentensi yake ya kwanza tangu Jumamosi.

— Niwaambie nini watu jioni?

Tulimuuliza kama watu wa kampeni hawakumwambia. Akasema alimpigia simu yule binti wao, akamuuliza habari ya vita, binti akamjibu kwa upole sana kwamba aseme tu yaliyo moyoni mwake.

— Na moyoni mwangu, akasema Orrin, mna swali tu.

Hapo Jenerali akavua kofia, ishara kwamba viazi vinaanza kumenywa. Alisema sisi raia tunaona maneno mawili yanagongana, yeye mwanajeshi anaona mbinu. Adui ana wapelelezi. Wapelelezi wako wapi? Wako Iowa, kwa sababu wagombea wako Iowa. Thayer anajua wanamsikiliza, kwa hiyo hapa anasema amani, kule anasema vita, adui asijue alale na viatu au bila viatu.

— Kwa hiyo wapelelezi walikuja kwenye maonyesho yetu ya kilimo, nikamwambia.

— Walikuwepo, Siki. Yule aliyeshinda shindano la mahindi makubwa, nani anamjua?

— Ni binamu yako, Delbert.

Akasema ndiyo maana hakuna aliyemshuku.

Balozi alikuwa amefumba macho muda wote huo, kama mtu anayesubiri watoto wamalize kupiga kelele. Akaeleza kwamba Jenerali hajui mambo ya mataifa. Kwenye mambo ya mataifa, kauli ya vita ndiyo mwaliko wa chakula. Unamtukana mtu hadharani ili apate sababu ya kuja kulalamika kwako, na akishakuja kulalamika, tayari mmekaa meza moja. Yeye mwenyewe alitumia njia hiyo kwenye ule ugomvi wa ua. Nikamkumbusha ua ule uliishaje. Hakusikia. Aliendelea kuyakuza: Thayer na adui wameshaandikiana, yote yamekwisha, wamekubaliana watukanane mpaka uchaguzi wa Novemba, na zile kelele za ukumbini ziliandikwa na adui mwenyewe, kwa heshima, apate kutukanwa vizuri.

— Mjukuu wake huyu naye kaandikwa humo? nikamuuliza.

Balozi akafungua macho. Akasema hayo ni mambo ya ngazi za chini.

Orrin aligeuka akamtazama. Balozi akajifanya anatafuta sukari.

Mimi nina yangu, na nikawaambia. Thayer hasomi dunia, anasoma kofia. Kwenye maonyesho aliona kofia za kampuni za mbegu, akajua hawa wana wajukuu na mikopo ya trekta, akawapa amani. Ukumbini aliona kofia zenye majina ya manowari, akawapa vita. Mpeleke kwenye mkutano wa wafuga nyuki, atawaahidi maua. Tena sina hakika kama anajua vita vile vipo kweli. Nadhani anadhani ni jina la kata fulani ambayo hajaipitia bado.

Jenerali akasema hiyo ni dharau kwa amiri jeshi mkuu mtarajiwa. Nikamwambia amiri jeshi mtarajiwa alinisalimia mara mbili kwa jina la dada yangu.

— Alikuwa anakupima, akasema Balozi.

— Alikuwa anamsalimia mtu wa nyuma yangu mwenye kamera.

Tuliendelea hivyo mpaka birika likawa nusu. Jenerali alishafika mahali pa kusema Thayer wako wawili, wa mashariki na wa magharibi ya mto, na serikali inajua. Orrin amekaa pale pale na swali lake kama mtu aliyebeba ndoo imejaa na hakuna anayemfungulia mlango.

Ndipo akaingia daktari mpya wa mifugo, Imelda Cuellar. Alihamia kwetu mwezi wa kumi na mbili kutoka Nebraska, na asubuhi ile alikuwa ametoka kuzalisha ng'ombe; hakuna haja ya kusema tulijuaje. Akajimiminia kahawa, akasimama kuota joto kando ya mashine ya kuchomea soseji, akasikiliza. Alisikiliza kwa adabu mpaka yule Thayer wa pili akavuka mto. Kisha akauliza kama ni kweli, alivyosikia kwa Jerilyn, kwamba huyu gavana alikuja hapa Jumamosi.

Ikawa fahari yetu sote kumjibu. Alikuja, ndiyo. Hapa hapa. Alikaa kwenye benchi hili, kati ya Jenerali na Balozi, karibu saa nzima, suruali yake nzuri juu ya ubao wa Walutheri.

— Ahaa, akasema daktari. Sasa mlipomuuliza, alijibu lipi kati ya yale mawili?

Mashine ya soseji ikazunguka. Nje, gari likapita na minyororo ya theluji kwenye magurudumu.

— Mambo yalikuwa mengi, akasema Jenerali.

— Yapi?

Jenerali akasema yeye alimuuliza kama amewahi kuvaa buti za jeshi, naye akasema baba mkwe wake alivaa. Balozi alimsimulia habari ya ule ua. Orrin alikuwa amekaa mbele yake kabisa, magoti karibu yagusane, na alichomwambia mtu anayeweza kumpeleka Tate au kumrudisha ni kwamba barabara ya kwenda mji wa Brandt ina barafu, waendeshe polepole.

— Na wewe, mama? daktari akaniuliza.

Mimi nilimpa pai ya cheri.

Daktari hakucheka. Ingekuwa afadhali angecheka. Aliuliza tu, kama anavyouliza ng'ombe ameacha kula tangu lini, kwa nini hakuna aliyemuuliza.

— Alikuwa anakula, akasema Orrin.

Tukaitikia wote, maana kwetu hilo ni jibu kamili. Mtu akiwa na sahani yako mkononi humuulizi neno zito. Unamuuliza kama anataka tena. Mama yangu alimkaribisha chakula mtu aliyetuibia nguruwe, na mpaka alipofuta mdomo tulizungumza mvua. Hivyo ndivyo tulivyolelewa, na kila mtu katika jimbo hili kalelewa hivyo.

— Saa nzima? akauliza daktari.

Nikaanza kukumbuka. Kipande cha kwanza alikimaliza, nikaona Orrin anavuta pumzi na kuegemea mbele. Thayer akanigeukia, akaninyooshea sahani, akasema hajawahi kula cheri za namna hii. Nikamkatia cha pili. Cha pili kilipokwisha, Orrin akafungua mdomo kabisa, hilo nililiona kwa macho yangu, na sahani ikaja tena. Kipande cha tatu alikula kwa ncha ya uma, punje moja moja, mpaka kijana wao akaja kusema gari linangoja. Mdomo alifutia mlangoni.

Na hapo nikaona miaka yangu yote ya kuwalisha wagombea. Mahindi ya kuchoma kwenye maonyesho, chapati za maji kwenye jumba la zimamoto, maandazi kwenye chumba cha chini cha kanisa. Nilidhani watu hawa wanakuja na njaa.

— Si njaa, nikasema. Anajikinga na maswali.

Balozi aliona haya yanakuwa makubwa kuliko diplomasia yake. Akasema kama ni kuuliza, simu ipo, Orrin ampigie mtu wake sasa hivi. Orrin akatoa simu, akaiweka kwenye benchi, sauti juu, tukainama wote pamoja na daktari. Ikaita mara moja tu. Akatokea Thayer mwenyewe, sauti yake nene ile ile.

— Rafiki yangu, akasema Thayer, asante kwa kunipigia.

Orrin alikuwa ameshaanza kusema jina lake. Thayer akaendelea juu yake bila kupumua: anaithamini sauti yetu, tukitaka bango la kuweka uani tubonyeze moja, tukitaka kuchangia tubonyeze mbili, tukitaka kusikia tena tubonyeze tatu. Jenerali akasema tubonyeze tatu, pengine mara ya pili atasema vingine.

Orrin akaizima. Akavua beji, akaitazama, akaivaa tena, nami nikajua ameamua, kwa sababu Orrin hafanyi kitu mara mbili bila sababu. Akasimama, akafunga koti. Alinitazama mimi.

— Siki, umeoka kwa ajili ya jioni?

Nilikuwa nimeoka. Pai mbili, na trei ya biskuti. Kila mkutano wa kata kuna meza ya vyakula kando ya ubao, na nusu ya meza ni yangu, watu wanajua.

— Usilete, akasema. Mwambie Jerilyn naye asilete. Na mke wa Merle.

Balozi akasema watu watanuna. Orrin alikuwa ameshatoka.

Basi nilienda mikono mitupu, na njiani nilijiona kama niliyesahau sketi. Meza ilikuwa tupu. Watu waliingia, wakaitazama, wakanitazama mimi kana kwamba kuna msiba sijautangaza. Wasemaji wengine walisema yao, vizuri, kwa karatasi. Mwalimu mstaafu alimsemea mtu wake habari ya amani yenye nguvu, na wa pili akamsemea wake habari ya nguvu yenye amani. Likaitwa jina la Thayer.

Orrin alisimama kati ya viti vidogo vya watoto, kofia mkononi.

— Jumamosi nilikaa na mtu huyu saa nzima, akasema. Tate wangu anaondoka theluji ikiyeyuka. Sikumuuliza. Nilitaka kumuuliza, nikasubiri amalize kula. Kwa hiyo sijui atafanya nini, na mimi ndiye ninayemsemea.

Tukadhani amemaliza. Nusu ya dakika zake hajazitumia.

— Nyie wengine, akasema, hawa wenu wamekula kwenu pia. Kuna aliyemuuliza wake?

Aliwageukia kona kwa kona, pamoja na mwalimu na karatasi yake. Darasa zima limejaa watu wazima wa Halden Grove, wamesimama wanatazama soksi zao, na safari hii hakuna hata mmoja aliyekuwa na kitu mdomoni.