Mbegu za Mwenzangu Zilipotoka Sawa

Amani kwenu nyote. Nikitaja bangi humu kanisani msishtuke. Ni ya dawa, na shamba letu lilikuwa na kibali.

Mnajua nilizaliwa Morogoro, baba akiwa mtu wa hapa hapa Johannesburg. Kazi yangu ilikuwa kuzalisha mbegu, kila mbegu itoe mmea unaofanana na wenzake, maana dawa haitaki kubahatisha. Tulikuwa wanawake wawili, kila mmoja na aina yake ya bangi. Mwenzangu alitoka Lubumbashi. Bosi alituambia wazi, "Itabaki aina moja, na mwenyewe aliyeizalisha."

Ndugu zangu, nawaambia, nilimwonea wivu mpaka chakula kikanishinda. Miche yake ilisimama sawasawa. Na alivyocheka na bosi kwa Kizulu! Mimi niliye na baba Mzulu nilikuwa nababaika tu.

Siku ya kupima vinasaba, nilitumwa mimi kupeleka maabara majani ya aina zote mbili. Njiani niliomba majibu yake yaharibike. Ndiyo, niliomba hivyo. Majibu yakatoka: vinasaba vya mimea yake vinafanana vyote. Vyangu, eish, kama watoto wa baba mbalimbali. Cheka tu, mama mchungaji.

Mkataba wangu ukaishia hapo. Nikajifungia chumbani Doornfontein, hata hapa mkaacha kuniona.

Halafu mlango ukagongwa. Ni yule mwenzangu, na sufuria ya sombe, kisamvu cha kwao. Sikumkaribisha. Akasema akiwa amesimama pale pale mlangoni:

"Dada, mbegu zako si mbovu. Nimekagua kitalu chako. Mmea mmoja jike ulitoa maua ya kiume, chavua yake ikaingia kwa mingine. Nimemwomba bosi akupe msimu mmoja."

"Kwa nini unisaidie?"

Akainama. "Maua yako yana dawa nyingi kuliko yangu. Nakuonea wivu tangu tuanze."

Nililia, jamani. Tukala pamoja.

Bosi akakubali. Nikarudi, nikaanza upya na mimea safi. Majani yalipopimwa tena, yalifanana. Bosi akaghairi, akabaki na aina zote mbili, na sisi sote wawili.

Namshukuru mwenzangu, nanyi akina mama mliowachukua wanangu shuleni nilipokuwa siwezi kuinuka. Ninachowaambia ni hiki: mafanikio ya mwenzako yakikuuma, mwendee umuulize.

Wivu haujaniisha. Jana kaniambia kitalu chake kipya kimeota vizuri. Kiliniuma. Kisha nikamuuliza anakimwagiliaje, naye akanieleza.