Akala za Kwenye Wimbo

Kwenye treni ya asubuhi kutoka Dandora, bwana mwenye Biblia alimweleza mama aliyeketi kando yake kwamba rapa wa mtaa wetu, anaposema "akala ulizonikatia bado hunibeba," anamwimbia Mungu.

"Mungu gani huyo hukata tairi kuwa viatu sokoni Kariokor?" mama akacheka. "Huyo ni mwanamke, ndugu yangu, na bado anamtaka."

"Basi ni mamake."

"Mama haimbiwi kwa sauti hiyo."

Nilitazama dirishani. Mamake rapa ni mama mkwe wangu, na hajawahi kushika tairi.

"Labda ni mkewe," bwana akasema.

Treni ikasimama Makadara. Nilishuka kabla mama hajajibu, nikiwaza zile akala kuukuu chini ya kitanda chetu, ambazo sikuzikata mimi, na ambazo mume wangu amekataa nizitupe.