Jogoo wa Sadaka na Jirani Niliyemsingizia

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Mimi ni Dorika, mke wa Zakayo anayeendesha trekta, kutoka laini ya juu, zile nyumba za wafanyakazi katika shamba la mzungu hapa Rongai. Nimeokoka, na Yesu ananitosha. Leo nimesimama kuwaambia vile Bwana alinitoa shimoni kwa njia ya kuku. Ndiyo, kuku! Chekeni tu, lakini mnisikilize mpaka mwisho.

Wengi wenu mnanijua vile nilivyokuwa. Nilikuwa mama wa kupiga kifua. Kule laini hatuachiwi kufuga ng'ombe, kwa hivyo mama mwenye kuku wengi ndiye mwenye mali, na wangu walikuwa ishirini na watatu. Nilikuwa nikiwamwagia mahindi mbele ya mlango saa ile wanawake wanapita kwenda mtoni, ili wawaone. Msaada wa Bwana nilikuwa nikiusema kwa mdomo, lakini moyoni nilijua ni mimi Dorika.

Mlango kwa mlango na mimi anakaa Mama Kiprono. Ni mjane, ana watoto watatu, na kazi yake ni kufagia nyumba za kuku za mzungu. Ile kazi ndiyo imempa nyumba. Akitolewa shambani, hana pa kwenda. Muiweke hiyo akilini, kwa sababu ndiyo inayoniliza hata leo.

Siku moja mtu wa mifugo alikuja kutoka Nakuru kuchanja kuku wa mzungu, wasishikwe na kideri, ule ugonjwa unaomaliza kuku wa boma zima. Dawa ikabaki kidogo, na ikishafunguliwa haikai, basi akamwambia Mama Kiprono alete kuku wake nao wachanjwe. Yule mama, kwa roho yake nzuri, akaja kunipigia hodi ili nami nilete wangu. Nikakataa. Akarudi mara ya pili. Nikamjibu kwa maringo kwamba kuku wangu wamefunikwa na damu ya Mwanakondoo, hawahitaji sindano ya serikali. Ndugu zangu, nilidhani hiyo ni imani! Ilikuwa kiburi kilichofunga kitambaa cha kanisa.

Halafu ikafika Jumapili ya mavuno. Mnajua kawaida yetu: mahindi, maboga, viazi na kuku wanawekwa pale mbele, mchungaji anaomba, kisha tunatoka nje na vitu vinapigwa mnada. Siku ile kulikuwa na jogoo mwekundu, mkubwa, miguu imefungwa kwa kamba ya katani. Nikamtaka. Nikashindana na kila mtu mpaka wakaniachia. Nilipombeba alikuwa amefumba macho na mkia umeanguka. Nikasema ni uchovu wa safari. Nikamfungua nikamtupa katikati ya kuku wangu, nikajiambia kwamba sasa baraka imeingia bomani. Kuku wa madhabahu anaweza kuwa na ugonjwa wapi?

Hebu tuseme kweli, maana tunajuana. Tukiona kuku nyumbani ameanza kusinzia, si ndiye tunasema heri huyu aende kwa Bwana kabla hajafa? Mimi mwenyewe nimewahi kufanya hivyo. Simhukumu aliyemleta yule jogoo.

Yule jogoo alikufa siku ya pili. Nikampika, tukala, manyoya na matumbo nikatupa jalalani pale nyuma, na kuku wangu wakashinda hapo wakichakura. Haikuisha wiki. Asubuhi moja nikakuta majike matatu yamesimama pembeni, mabawa yameshuka, yanahema na midomo wazi. Kinyesi kilikuwa cha kijani, maji matupu. Kesho yake mwingine shingo ikapinda, akawa anazunguka mahali pamoja, kichwa kinaangalia nyuma. Nilisali. Nikawanywesha maji ya pilipili, nikawanywesha majivu. Wapi! Walikufa watano, wakafa wanane, na ng'ambo ya ua kuku wa Mama Kiprono wanawika kana kwamba hakuna kitu.

Hapo shetani akanipata. Nilikumbuka kwamba mwezi ule ule Mama Kiprono alisimama pale uani akaniambia, "Dorika, kuku wako wamenona kweli." Basi nikasema ni jicho baya, amewaroga. Nilianza kwa kunong'ona na mama mmoja kisimani, kufika jioni laini nzima inajua. Wanawake wakaacha kumwomba moto. Watoto wake wakifika mahali, wenzao wanaitwa nyumbani. Mimi ninaona, na ninanyamaza! Tena ninasema Haleluya!

Neno likamfikia nyapara. Yeye hataki maneno ya uchawi katika laini yake, kwa sababu mzungu akisikia atawafukuza wote. Akaita baraza asubuhi mbele ya stoo ya ngano. Akasema kama Dorika atasimama na kurudia maneno yake mbele ya watu, Mama Kiprono atafunga mizigo na kutoka siku ile ile. Mama Kiprono alisimama peke yake, mtoto mdogo mgongoni, wale wawili wameshika sketi yake. Hakulia. Alikuwa ananiangalia tu.

Ndugu zangu, nilifungua mdomo. Nilikuwa tayari kusema. Na Mungu wetu ni wa ajabu! Wakati ule ule gari la mifugo likaingia, kwa maana mzungu alisikia kuku wanakufa kwenye laini akaogopea wake, akamwita yule mtu wa Nakuru. Mtu akashuka, mwembamba, koti la khaki, akauliza kama kuna kuku aliyekufa leo. Zakayo wangu akakimbia nyumbani akamleta mmoja.

Yule bwana akamlaza juu ya gunia mbele yetu sote, akampasua. Juu kidogo ya firigisi kuna kile kifuko kidogo. Akakifungua, akakiosha, akatuita tuangalie. Ndani kulikuwa na madoa madoa ya damu. Akasema hiki ni kideri, wala hakuna jicho la mtu linaloweza kuchora madoa haya. Akaeleza kwamba kuku waliochanjwa wakiwa wazima hawashikwi kwa urahisi, ndiyo maana wale wa mjane wanawika. Kisha akauliza, "Ni kuku gani mgeni ameingia hapa karibuni?"

Watu wote walijua nilimleta jogoo, lakini nani angethubutu kutaja sadaka ya kanisa? Na mimi nilijua kwamba nikinyamaza sitaaibika. Lakini Mama Kiprono angeondoka pale barazani akiwa bado na maneno yangu mgongoni pamoja na mtoto. Roho akaniambia, Dorika, ni wewe.

Nikasema, "Ni mimi niliyemleta. Nilimtoa kanisani akiwa mgonjwa, nikamchanganya na wengine. Mama huyu hana kosa. Nilimsingizia."

Ndugu zangu, nilipiga magoti kwenye vumbi la stoo, na nguo ya Jumapili niliyoivalia baraza! Nikamwomba msamaha mbele ya nyapara na laini nzima. Mama Kiprono akaniinua kwa mkono na kusema, "Nilikuita mara mbili siku ya sindano. Una kichwa kigumu, Dorika, lakini ni jirani yangu." Na akacheka! Nami nikacheka huku machozi yananitoka. Nyapara akapunga mkono akasema twende kazini.

Siku ile nilitua mzigo ambao sikujua nimeubeba. Kuku wangu walibaki wanne. Sifa kwa Bwana, wanne walitosha! Yule bwana alinifundisha pale pale, na leo nawapa bure. Kideri hakina dawa kikishaingia, kwa hivyo sindano ni ya kuku mzima. Kuku mgeni, hata ametoka kwa mchungaji, akae peke yake wiki mbili, ale na kunywa chombo chake. Aliyekufa umchome au umzike chini sana, usimpe mbwa, na usimkimbize sokoni yule anayesinzia. Ukiona vidonda kama chunjua kwenye kilemba na kando ya macho, hiyo ni ndui, nayo ina sindano yake. Vifaranga wakihara damu, toa takataka iliyolowa, wawekee nyasi kavu. Mungu alitupa macho tuangalie kuku wetu, na mimi yangu niliyatumia kumwangalia jirani.

Leo nina kuku thelathini na mmoja, wote wamechanjwa, na mkono uliomshika kila mmoja wakati wa sindano ni mkono wa Mama Kiprono. Jumapili ya mavuno ikija, yeye na mimi tumepewa na wazee kazi ya kupokea kuku pale mlangoni, na anayesinzia harudi nyumbani kwa mtu yeyote, anachinjwa na kuzikwa pale pale. Mlisikia, eh?

Sasa ninamalizia. Ninajua kuna nyumba hapa, upande huu wa Rongai na kule kuelekea Kariandusi, ambako kuku wanakufa wiki hii. Na ninajua kuna mtu ameketi kwenye benchi na tayari ana jina la jirani mdomoni. Mama, baba, usiliseme! Mwamini Bwana, ukweli hautakuua. Mimi ulinipa uhai. Na kama umekwisha kulisema, usiende nyumbani. Nisubiri pale nje baada ya maombi. Mama Kiprono yuko hapa, amekaa benchi ya tatu, na amekubali. Tutaosha miguu tusimpelekee mtu ugonjwa, kisha sote watatu tutaenda kubisha hodi kwa yule uliyemtaja, leo hii, jua likiwa bado juu.