Kikombe Nilichokitia Motoni

Mheshimiwa Diwani, Mwalimu Mkuu, mashehe na wachungaji wetu, wazazi wenzangu wa Ziwani, ndugu wageni waalikwa, na zaidi wewe Mwalimu Rozalia unayestaafu leo: asalaam aleikum, na Bwana asifiwe.

Mimi Salma ni kungwi. Miaka thelathini nimewafunda mabinti wa hapa. Najua wapo wanaojiuliza, mambo ya hedhi yanasemwaje mbele ya wanaume? Leo yatasemwa.

Mwalimu aliwapa wasichana vikombe vya hedhi, vile laini vya mpira vinavyovaliwa ndani ya mwili kukinga damu, na hakuwaficha kasoro zake. Kikombe kinataka mikono safi na maji ya kukichemshia, nasi kiangazi ndoo moja tunaigombea. Mwanzoni kinamsumbua asiyezoea, kikikaa vibaya kinavuja, na kisikae ndani zaidi ya saa kumi na mbili. Lakini pedi ni za kununua kila mwezi, na kikombe kimoja kinadumu miaka. Msichana anakaa darasani, akili yake iko ubaoni.

Mjukuu wangu Shamimu alikipokea. Siku moja nikamkuta anakichemsha katika sufuria ya ugali. Nikakitia motoni. Mwalimu alikuja kunieleza kwa upole kwamba kikombe hakimwondolei mtu ubikira. Nikamwambia asiyezaa hanifundishi malezi. Mwalimu, neno lile linaniuma hadi leo.

Shamimu akarudi kwenye vitambaa. Novemba ile, katikati ya mtihani wa Hisabati wa kidato cha nne, somo ambalo aliwashinda wenzake wote, damu ilipita. Alifuta benchi kwa ushungi wake, akatoka, karatasi nusu haijajazwa. Mitihani iliyobaki hakuifanya.

Mwalimu, ulimfuata nyumbani mara tatu. Mara zote nilikwambia amekwenda Newala kwa shangazi yake. Hakwenda. Alikuwa chumbani, anakusikia ukimwita, naye ananisikia nikidanganya. Ni mafunzo gani yale niliyokuwa nikiyalinda?

Kina mama, mkitaka kukataa kikombe, kikataeni kwa kukijua. Na mabinti wakikichagua, watengeeni sufuria na maji.

Mwalimu Rozalia, nakuomba radhi mbele ya watu hawa. Shamimu naye nilimwomba tuje pamoja. Yuko nyumbani anabangua korosho. Hakuinua macho. Alisema, "Bibi, nenda tu. Mwambie mwalimu nilikuwa ndani."

Nimekwambia, mwalimu. Nanyi nyote mlionivumilia hadi mwisho, nawashukuru kwa kunisikiliza.