Ndoo ya Eluned wa Kilimani

Marehemu Eluned Prosser alizaliwa tarehe 9 Machi 1941 hapa Trefarlo, Wales, katika nyumba ya mwisho ya Mtaa wa Ngome, ile ambayo kilima huinyima jua hadi saa sita mchana. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mzee Gwilym, mtunza kilima.

Alisoma shule ya mjini hadi 1956, kisha akashona glavu kiwandani miaka kumi na minane. Lakini kazi yake hasa aliirithi kwa babaye. Kilima chetu kilirundikwa kwa mikono, miaka mia tisa iliyopita, na watu waliolazimishwa ili bwana mmoja apate pa kujengea ngome. Wengi wao hawakurudi makwao. Ndiyo maana udongo ukiporomoka, mtunzaji huupandisha kwa ndoo hadi kileleni. Asipoupandisha, wafu hao wenyewe hurudi kazini.

Tarehe 4 Juni 1964 aliolewa na Idwal, fundi saa, mtu wa masihara kwelikweli. Mwaka huohuo Idwal alimwaga ndoo moja kwenye bustani yake ya vitunguu. Asubuhi vitunguu vyote vilikutwa vimeng'olewa, vimelazwa mstari mmoja kuelekea kilimani.

"Sungura hao," alisema Idwal.

"Sungura gani wanaojua kupanga mstari, mume wangu?"

Idwal alipandisha ule udongo mwenyewe, tena mbio, na hakukitania kilima tena hadi alipofariki mwaka 2009. Mhandisi mmoja naye alipomwambia Eluned kwamba udongo uliokutwa siku moja ndani ya nyumba yake umeletwa na mvua, alijibiwa, "Haya, mwanangu. Tangu lini mvua ikapanda ngazi hadi chumbani?"

Novemba 2020 marehemu alipata kiharusi, miguu ikafa ganzi. Majirani walipokezana ndoo, kisha mmoja mmoja wakaacha, maana walisema kule juu mtu huhisi anasubiriwa. Binti yake, Mererid, alikuja kumuuguza kutoka Cardiff. Kilima alikiogopa tangu utotoni.

"Nani atapandisha, Mererid?"

"Si mimi, Mama. Nisamehe. Niombe lolote, hilo siliwezi."

"Basi nitakwenda mwenyewe."

Alifariki tarehe 14 Februari 2022, saa nne asubuhi, kitandani mwake. Waliomwosha walikuta viganja vyake vimejaa udongo mbichi. Miezi kumi na mitano hakuwa amekanyaga nje. Mererid aliviosha yeye mwenyewe, mara tatu, akilia kwa uchungu na aibu.

Ameacha binti, Mererid, na mjukuu, Tegwen, wa miaka saba.

Haya ya mwisho yameongezwa kwa kalamu, kwani karatasi hizi zilikwisha kuchapwa. Leo asubuhi udongo umekutwa tena ngazini, safari hii ukiishia mlangoni pa chumba anacholala Tegwen. Baada ya maziko, waombolezaji mnakaribishwa chai na keki ukumbini. Mererid mtamwia radhi, atachelewa. Ana ndoo ya kupandisha.

Lala, Eluned. Mikono yako ipumzike.