Mkono wa Kushoto wa Mwalimu Gregori

Ndugu waombolezaji, wenye ratiba mkononi wasifuate ukurasa wa pili. Wasifu uliochapwa pale si ule ulioandikwa nyumbani. Ulibadilishwa njiani, kati ya Nkowe na duka la kuchapa Nachingwea mjini. Unaosomwa sasa na binti wa marehemu, Scola, ndio ule wa kwanza, pamoja na mambo aliyoyaongeza jana baada ya kuona karatasi hizo.

Marehemu Mwalimu Gregori Eustace alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 hapa Nkowe, mtoto wa kwanza wa mzee Eustace na mama Justa. Alibatizwa akiwa na wiki tatu. Alikuwa akitania kwamba hilo ndilo jambo pekee kubwa la maisha yake alilofanyiwa bila kuulizwa. Alikosea. Lilikuwa linakuja la pili.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1966. Mwaka 1969 mvua ilikataa, na Wakristo na Waislamu wa hapa wakaomba siku moja, kila upande kwake. Jioni mvua ikanyesha. Kesho yake Gregori alinyoosha kidole darasani akauliza ni ombi la nani lililojibiwa. Alipata viboko viwili, na rafiki yake Twaha aliyecheka akapata kimoja. Mzee Twaha yupo hapa, atathibitisha. Baada ya sekondari alisoma Chuo cha Ualimu Nachingwea, akahitimu mwaka 1978.

Alifundisha miaka thelathini na minane: Nachingwea, kisha Namungo, mwisho Nkowe alipokuwa mwalimu mkuu hadi alipostaafu mwaka 2017. Hakuwa na dini, na hakulificha hilo wala kulitangaza. Aliyemuuliza alijibiwa, "Sijaona sababu ya kuamini. Nikiiona nitakwambia." Mwezi wa Ramadhani hakula mbele za watu. Makaburi ya kijiji hiki amechimba mengi, ya pande zote mbili, na sala ilipoanza alivua kofia akasimama pembeni kimya.

Mwaka 2014 alichaguliwa mwenyekiti wa kamati ya kisima. Mikutano miwili ilikuwa imevunjika kwa ubishi wa nani atangulie kuomba, padre au shehe, na akina mama wakaendelea kuchota maji ya bondeni. Mkutano wa tatu Mwalimu alisimama akasema, "Kila mtu aombe nyumbani kwake, hakuna wa kumzuia. Hapa tumekuja kuchimba kisima." Wapo walionuna. Kisima kilichimbwa, na leo maji ya msiba huu yametoka humo.

Tarehe 7 Septemba 1985 alifunga ndoa na Albina. Ndoa ilifungwa kanisani, maana Albina alitaka kanisa, naye alimtaka Albina. Kwa miaka thelathini alimpeleka ibadani kwa baiskeli kila Jumapili, akabaki nje akiziba pancha za waumini bila malipo. Mzee Twaha alimwambia, "Mwalimu, wewe peponi utaingilia dirishani." Akajibu, "Nitakuja kukusalimia tu, Twaha, sikai." Albina alifariki mwaka 2016, akiwa ameomba azikwe kwa sala zote za kanisa lake. Mume wake alihakikisha hakuna hata moja iliyorukwa.

Naye alikuwa na ombi lake. Tarehe 12 Februari 2019 aliliandika kwenye daftari mbele ya Scola, mzee Twaha na mdogo wake Jonasi. Azikwe shambani kwake kando ya Albina, usomwe wasifu wake, kisha yaanze majembe. Sala isiwepo, ya upande wowote. Wote watatu walisaini. Jonasi alisema, "Kaka, neno lako ni neno langu." Mwalimu alifurahi, akachinja jogoo.

Tarehe 5 Novemba 2024, akiokota korosho, alipatwa na kiharusi. Upande wa kulia ulikufa na kauli ikapotea, lakini akili ilibaki nzima. Watu wa nyumbani wakakubaliana naye ishara, Jonasi akiwepo: akikubali atafumba macho, akikataa atainua mkono wa kushoto. Kwa mkono ule alikataa uji wa ulezi wiki nzima, na nyumba ikacheka.

Jumapili ya tarehe 12 Januari Scola alipanda bodaboda kwenda Ruangwa mjini kufuata dawa. Aliporudi alikuta paji la uso la baba yake linang'aa mafuta. Jirani, mama Kornelia, aliyekuwamo chumbani, alimweleza akilia. Padre mgeni, aliyeitwa na Jonasi kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, alikuwa ameuliza, "Mgonjwa ameomba mwenyewe?" Mwalimu akainua mkono. Akaushikilia juu mpaka ukatetemeka. Jonasi akasema, "Huyo anakubali, padre. Anafurahi."

Scola alimfuata Jonasi uani. "Baba mdogo, ile ishara unaijua. Na daftari ulisaini."

"Mwanangu, mimi ni mwenyekiti wa jumuiya kanisani," akasema Jonasi. "Kaka yangu nimzike bila sala, kama mbwa? Watu watanionaje? Daftari ni daftari, msiba ni wa watu."

Scola alirudi ndani akamuuliza baba yake kama anataka maji. Mwalimu hakufumba macho, wala hakuinua mkono. Siku nne zilizobaki hakumjibu mtu yeyote. Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Januari 2025, saa tatu asubuhi, akiwa amegeukia ukutani. Hilo ndilo linalouma kuliko kifo chenyewe.

Na ukurasa wa pili unasema, "Alirudi kundini kwa hiari yake."

Ameacha binti mmoja, Scola, wajukuu wawili, Eva na Nuhu, na wanafunzi wasiohesabika, wengine mna mvi. Ameacha mdogo wake, Jonasi, ambaye Mwalimu alimlea tangu baba yao afariki, na akamwamini.

Padre, hukukosea. Uliuliza, ukadanganywa. Ratiba inasema baada ya wasifu ni sala, tena ni wewe utakayeiongoza. Familia inakuomba kwa heshima ubaki umekaa. Atakayetaka kumwombea Mwalimu aombe nyumbani kwake, hakuna wa kumzuia, kama alivyosema mwenyewe siku ya kisima.

Mzee Twaha ameshashika chepe. La pili anapewa baba mdogo Jonasi, maana kumfukia kaka yake bado ni haki yake, na alisaini.

Pumzika, Mwalimu. Mkono wako tumeuona.