Ondoeni Vichwa, Nifunge Turubai

Bwana asifiwe. Upande huu nimewasikia. Upande ule mmeitikia ndani ya meno, lakini sawa, mtachangamka mbele ya safari.

Ndugu zangu, katibu wa akina mama aliponiomba nishuhudie katika ibada hii ya mavuno, alinivuta pembeni akasema, "Mwanangu, ongea kwa upole, na usitaje jina la mtu." La majina nimelikubali. La upole nitajitahidi.

Mnanijua. Nimezaliwa hapahapa Kaisho, nimesoma hapa mpaka kidato cha nne, na harusi yangu mlikula mkashiba. Haukupita muda mrefu, baba wa mtoto wangu akaenda Mwanza kutafuta maisha. Maisha aliyapata. Yana nywele ndefu na yameshamzalia. Aliponipigia simu kwamba nisimsubiri, mtoto wetu alikuwa bado ananyonya. Siku ile sikulia. Nililia siku wakwe zangu waliponiita sebuleni, kikao kizima, wakaniambia kibanja ni cha ukoo na mke aliyeachwa hana mgomba wake humo. Migomba ile niliipalilia na mimba yangu tumboni, tumbo likigusa mpini wa jembe! Nikatoka na beseni la nguo kichwani na mtoto mgongoni, nikarudi kwa mama yangu.

Nikaanza vibarua. Nimelima mashamba ya watu, na baadhi yao mmekaa humu ndani. Siwalaumu kwa jembe. Nawalaumu kwa yale maneno mliyokuwa mnaniletea shambani pamoja na viazi: "Pole mwaya, lakini mwanaume hakimbii bure." Nawaambia kweli, hasira yangu haikuanza na yule aliyeondoka. Ilianza na hiyo "lakini."

Mama yangu mdogo ana mgahawa Omurushaka, pale malori yanapoegeshwa. Akaniita nikamsaidie kuosha vyombo. Siku moja likaingia lori lenye tela, refu, na aliyeshuka upande wa usukani alikuwa mwanamke. Suruali, kitenge kimefungwa juu yake, simu imechomekwa kiunoni. Akaagiza ndizi na nyama, akala, akaomba aongezewe mchuzi. Hakuna aliyemcheka. Nikaacha masufuria nikamfuata nje.

"Dada, samahani. Hii kazi ulifundishwa na nani?"

Akaniangalia miguuni. "Mimi miguu yangu inafika kwenye pedali. Yako je?"

"Inafika."

"Sasa unaniuliza nini?"

Akapanda, akaondoka. Sijamwona tena mpaka leo, wala jina lake silijui.

Nikaenda Kayanga, chuo cha udereva. Asubuhi vyombo, mchana usukani. Nikaanza na gari dogo, nikaendesha pikapu ya mkaa, nikasota, mpaka nikapata leseni ya magari makubwa. Sitawachosha na hayo. Leseni siyo kazi, waitu, ndugu zangu. Mwenye malori mmoja wa Kayanga akanikubali kama dereva mwanafunzi, akanipa masharti yake: "Utakaa chini ya dereva wangu mkongwe. Akisema unaweza, nakupa gari. Akisema huwezi, mimi sitabishana naye."

Sasa habari hizo zikawafikia wakwe zangu, na hazikupelekwa na upepo. Mliozipeleka mpo, nawaona, angalieni tu chini. Mkasema naranda barabarani na wanaume. Wakwe wakaenda kwa afisa ustawi wa jamii wakidai mtoto wao, kwamba mama yake hana kazi wala makao. Yule afisa akanisikiliza, akasema, "Mtoto ni mdogo, sina haraka ya kumtenga na mama yake. Lakini mama, kujifunza kazi siyo kuwa na kazi. Tutakaa tena maharage yakishavunwa. Siku hiyo unionyeshe kazi yako, na nani anabaki na mtoto ukisafiri."

Basi mjue hivyo. Wengine waliona najifunza kuendesha lori. Mimi nilikuwa nampigania mtoto.

Mwalimu wangu, huyo dereva mkongwe, alikuwa mzee wa maneno machache, goti lake moja bovu kwa miaka ya klachi. Siku ya kwanza hakuniruhusu hata kukaa kwenye usukani. Alinipa kipande cha chuma, akaniambia nigonge matairi yote, moja moja, nisikilize lipi linalia vibaya. Nikagonga nimenuna. Akaniuliza nina nini, nikamwambia mambo ya nyumbani.

"Gari halijui kama umeachika," akasema. "Linajua upepo wa breki umejaa au haujajaa. Gonga."

Kwenda mbele nilijua. Kurudi nyuma na tela, mawe! Ukitaka tela liende kulia, usukani unaukata kushoto. Akili inakataa. Na ninyi mnakumbuka nilivyokuja kujifunzia kwenye uwanja wa mfanyabiashara mmoja hapahapa Kaisho, nikakata ninavyojua mimi, nikasikia watu wanapiga kelele. Nikadhani wananishangilia. Kumbe choo kimelala! Bahati ya Mungu, aliyekuwa anakwenda huko alikuwa bado anatafuta maji. Mkaniita Mama Choo. Cheka tu, dada, hata mimi leo nacheka. Siku ile mwalimu wangu alishuka, akakizunguka kile kifusi, akasema, "Dereva ambaye hajavunja kitu bado hajaanza kujifunza. Sasa kakijenge." Nikakanyaga udongo, nikakijenga upya. Jumapili iliyofuata binti mmoja wa kwaya akanisalimia mlangoni pa kanisa, "Shikamoo Mama Choo." Nikamwitikia marahaba. Ningefanyaje?

Tukaanza safari ndefu. Biharamulo, Nzega, mlima Sekenke, Singida, Dodoma, mpaka Dar es Salaam na kurudi. Kwenye vizuizi walikuwa wanachungulia dirishani: "Mzee, leo umebeba mke?" Naye anajibu bila kugeuka, "Nimebeba dereva." Kila tukisimama nampigia mama yangu, anamwekea mtoto simu sikioni. Mtoto haongei. Anapumua tu. Mimi nasikiliza hiyo pumzi, nafuta uso, nawasha gari.

Tukafika safari iliyokuwa ya kuamua. Mwenye lori alishamwambia mwalimu wangu kwamba mkirudi nipe jibu, ndiyo au hapana. Tukaenda Nyakatuntu kupakia maharage ya wakulima, ya kupeleka Dar es Salaam. Utingo wetu tulimwacha Kayanga na homa. Na kazi ya utingo ni kupanda juu ya mzigo, kutandaza turubai na kulifunga kamba.

Magunia yakapakiwa mpaka yakawa kama nyumba. Upande wa Rwanda wingu limesimama, jeusi kama tako la chungu. Maharage yakinyeshewa, kabla hujafika Singida yameanza kuota humo ndani. Nikafunga kitenge changu vizuri juu ya suruali, nikaweka mguu kwenye tairi nipande.

"Weee! Omukazi! Shuka!"

Alikuwa mzee wa pale, msimamizi wa wapakiaji, amekaa kwenye kigoda ubavuni mwa lori na fimbo yake. Wapakiaji wote wakasimama.

"Mwanamke hapandi juu ya vichwa vya wanaume," akasema. "Ukipanda, tunashusha mzigo."

Ndugu zangu, huo mwiko ninyi mnaujua. Kwetu mwanamke hapandi paa wala hapandi mti. Mimi mwenyewe utotoni nilichapwa kwa kupanda mparachichi. Nawaambia bila aibu, niliogopa pale kwenye tairi. Kijana mmoja akasema atafunga yeye. Mwalimu wangu akakataa: "Fundo la mtu nisiyemjua silipeleki Dar es Salaam." Kisha akanigeukia. "Goti langu halipandi, unajua. Dereva ni yule anayeondoka na mzigo umefungwa. Amua."

Akilini nikamwona mtoto wangu anafungashiwa nguo zake. Halafu ile hasira, ile mliyoniambia niiombee iondoke, ikapanda kutoka miguuni, na woga ukaisha. Nikashuka chini, nikapiga goti.

"Shikamooni wazee wangu."

"Marahaba."

"Mwiko ninauheshimu. Mwanamke asipande juu ya vichwa vya wanaume. Sasa naombeni jambo moja. Ondoeni vichwa."

Wapakiaji wakatazamana. Mzee akashika kofia yake.

"Ile nyumba ina baraza," nikasema. "Vipelekeni vichwa vyenu kule. Nitapanda juu ya maharage. Maharage hayana kichwa."

Akina mama waliokuwa wamekaa na mizani, wenye hayo maharage, wakaangua kicheko, na mmoja akaanza kuwasukuma wapakiaji. "Hamkusikia? Vichwa barazani! Mvua hiyo!" Mama mmoja kibarua, wa asili ya Burundi, mwenye nguvu kama wanaume wawili, akashika kamba akaniambia, "Panda dada, mimi nakurushia." Wapakiaji wakaondoka wakicheka kwa aibu. Mzee hakuondoka. Tone la kwanza likaangukia kofia yake.

Ndipo mke wake akamjia. Mama mtu mzima, taratibu. "Baba watoto, haya tumelima wote. Yakioza, huo mwiko utautafuna peke yako."

Mzee akamtazama, akatazama wingu. Akanyanyuka, akachukua kigoda chake, akaenda barazani, akakaa akiwa ametupa mgongo. "Mimi sijaona kitu," akasema.

Nikapanda! Ndugu zangu, nikapanda mpaka juu, na kule juu niliiona Nyakatuntu yote, migomba inainama, na mvua inatembea inakuja. Upepo ukashika turubai ukataka kuniondoa nalo, nikalilalia kwa tumbo. Akina mama wanarusha kamba, navuta, nafunga. Kucha mbili zimeng'oka, nafunga. Mvua ilipofika kwetu nilikuwa kwenye fundo la mwisho. Nikashuka nimelowa mpaka kwenye mifupa, na gunia hata moja halijalowa.

Mwalimu wangu akazunguka lori chini ya mvua na goti lake. Akavuta kila kamba. Nilisubiri neno. Alinitupia funguo, akaenda kukaa kiti cha pembeni, akafunga mkanda. Nikaishuka ile milima ya udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni, gia nzito, breki kidogo kidogo, mpaka Omurushaka, na yeye amefumba macho. Nikamuuliza kama amelala.

"Nimepumzika," akasema. "Tangu nianze kufundisha sijawahi kupumzika upande huu."

Tuliporudi, mwenye malori alimuuliza, "Ndiyo au hapana?" Akajibu, "Umeshachelewa kumpa gari."

Siku ya kikao nilikuja moja kwa moja kutoka safari. Wakwe wamekaa upande mmoja, shemeji yangu amevaa koti. Mama yangu amekaa upande wa pili na mtoto. Afisa akaniambia, "Mama, nilikwambia unionyeshe kazi."

"Iko nje, afisa. Imeziba barabara."

Akatoka kuangalia. Watoto wa shule walikuwa wameshalizunguka lori langu. Aliporudi akauliza kuhusu mtoto, mama yangu akasema, "Mimi nipo. Nimelea huyu mwenye kichwa kigumu, mwanawe atanishinda?" Shemeji akadakia, "Lakini huyu ni mwanamke wa barabarani."

"Barabarani ndiko kazi yake iliko," afisa akasema. "Ya kwako iko wapi?"

Shemeji akatengeneza koti. Baba mkwe ndiye aliyemaliza. Alivaa kofia yake, akasema, "Mtoto abaki kwa mama yake. Ila sikukuu mtuletee tumwone." Nikamwambia, "Baba, hilo nitalifanya." Na ninalifanya. Nampeleka mwenyewe, namshusha mlangoni kwao.

Sasa mchungaji ananitazama, anataka niseme nimewasamehe wote. Mchungaji, kusamehe nimeanza. Ila mzigo ni mzito na mlima ni mrefu, mimi bado niko Sekenke na gia ya kwanza. Msinipigie honi kwa nyuma. Nitafika.

Namshukuru Mungu aliyenipa hasira na akanipa mahali pa kuipeleka. Namshukuru mama mdogo kwa masufuria yake, na mwalimu wangu, ambaye angekuwa hapa angeniambia nimeongea mno. Nawashukuru wale akina mama wa Nyakatuntu. Hawakunijua, hawakuuliza nimeachika au nimeolewa. Walirusha kamba. Hilo ndilo somo langu, sina lingine: ukimwona binti wa mtu amening'inia, neno "pole" halimshiki. Mrushie kamba, au kaa kimya aweze kusikia upepo unatokea wapi.

Na mwisho, mama yangu. Mama, simama watu wakuone. Hapendi kusimama mbele za watu. Simama, mama, usimwamshe. Huyo aliyelala mgongoni kwake ndiye niliyeambiwa nitampoteza.